Sanduku Halijui Unachotamani

Kuna kipindi cha televisheni kilichoingia barzani kwetu kiasi kwamba hata asiyejua Kizungu hukifuata mwanzo hadi mwisho. Kinaitwa Deal or No Deal. Vipande vyake vinazunguka kwenye simu, vijana wanatumiana, na kina mama nao hawako nyuma. Kila nikikaa na watu kukitazama, husikia maneno yale yale: "Huyu ana nyota." "Nafsi yake imeshamwambia." "Asikubali, milioni imo mle!"

Ndugu msomaji, maneno haya ni matamu, lakini kilichomo sandukuni kilitiwa kabla mshiriki hajakaa kitini. Kutamani kwake hakukibadilishi. Leo nataka tuifanye hesabu ya mchezo huu pamoja, taratibu, kwa sababu fikra inayomponza mshiriki kule studio ndiyo hiyo hiyo inayowamaliza vijana wetu huku mitaani.

Mchezo unavyokwenda

Mchezo huu wa masanduku ulianzia Uholanzi mwaka 2002, kisha ukasambaa nchi nyingi. Marekani ulianza kuoneshwa na NBC Desemba 2005, mwendeshaji akiwa Howie Mandel. Hapo kuna masanduku 26 yaliyofungwa, kila moja na kiasi chake, kuanzia senti moja hadi dola milioni 1. Mshiriki hatoi chochote mfukoni mwake. Huchagua sanduku moja, likawekwa kando bila kufunguliwa, kisha akaanza kufungua yaliyobaki: 6 mara ya kwanza, halafu 5, halafu 4, na kuendelea. Kila kiasi kinachofichuka hufutwa ubaoni. Duru ikiisha, mtu asiyeonekana, anayeitwa mwenye benki, hupiga simu na kutaja bei: chukua hizi uende zako, au endelea.

Hakuna swali la kujibu wala ujuzi wa kuonesha. Profesa na mchukuzi wa bandarini wako sawa mbele ya masanduku hayo. Kinachoamuliwa ni kimoja tu: nipokee au nikatae?

Ubao unasema nini

Mimi nilisomea uhasibu kwa kiwango cha diploma, na mazoea ya kazi hiyo ni kutazama tarakimu kabla ya kutazama uso wa mtu. Tuutazame ubao basi. Kati ya viwango 26, kumi na vitatu ni dola 750 au pungufu. Hiyo ni nusu nzima. Viwango vya dola 100,000 kwenda juu ni 7 tu. Kwa hivyo mshiriki anapolibusu sanduku lake na kulia kuwa milioni imo humo, uwezekano wa maneno yake kuwa kweli ni 1 katika 26. Uwezekano kwamba amebusu dola 750 au chini ya hapo ni nusu kwa nusu.

Sasa jumlisha viwango vyote. Utapata dola 3,418,416 na senti moja. Gawanya kwa 26, upate takriban dola 131,478. Huo ndio wastani wa mwanzo wa mchezo. Lakini tahadhari na neno wastani. Masanduku 20 kati ya 26 yana pungufu ya kiasi hicho. Ni kama mashua 26 zilizorudi kutoka baharini, chache zikiwa zimejaa nguru hadi pomoni na nyingi zikiwa na kitoweo cha mchana tu. Ukigawanya samaki wote kwa mashua zote, utapata hesabu ya kupendeza, lakini manahodha wengi hawatakuwa nayo kapuni.

Kila sanduku likifunguliwa, wastani hubadilika. Kikifutwa kidogo, unapanda. Kikifutwa kikubwa, unaporomoka. Mwenye benki naye anaujua. Duru za mwanzo bei yake huwa chini sana ya wastani, ili mshiriki avutike kuendelea na kipindi kisikatike mapema. Masanduku yanapopungua, bei huukaribia wastani, na pengine huupita.

Basi mwenye akili hujiuliza mawili. Kwanza, bei hii iko wapi ukilinganisha na wastani wa vilivyobaki? Pili, pesa hizi zingefanya nini maishani mwangu leo? Anayepokea bei iliyo chini kidogo ya wastani si mwoga. Wahenga wetu walishasema usiache mbachao kwa msala upitao. Ana nyumba ya kumalizia, ana mtoto wa kusomesha, na uhakika nao una thamani yake.

Mtu aliyekataa mara mbili

Mwaka 2008 wanauchumi wanne walichapisha utafiti juu ya washiriki 151 wa mchezo huu kutoka Uholanzi, Ujerumani na Marekani. Mmoja wa watafiti hao, Richard Thaler, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Ndani ya utafiti huo mna kisa cha mshiriki mmoja wa Uholanzi ambacho kinafaa kusimuliwa kila barza.

Bwana huyu alibakiwa na viwango vitano: nusu euro, euro 10, euro 20, euro 10,000 na euro 500,000. Wastani wake ni kama euro 102,000. Akapewa bei ya euro 75,000. Akakataa. Sanduku alilofungua baada ya hapo likawa ndilo lenye 500,000. Kwa mara moja wastani ukaanguka hadi karibu euro 2,500.

Sitamlaumu sana kwa kukataa kule kwa kwanza. Kati ya masanduku matano, moja tu ndilo lingemharibia hivyo. Alikuwa na nafasi nne za kunusurika, ikamwangukia ile ya tano. Yapo mambo hayo. Kinachonishughulisha ni kilichofuata. Aliendelea kukataa, hadi yakabaki mawili: euro 10 na euro 10,000. Wastani wake ni euro 5,005. Mwenye benki akampa euro 6,000, yaani zaidi ya wastani. Hesabu haiwezi kuwa nyepesi kuliko hiyo. Akakataa, akafungua, akarudi kwao na euro 10.

Kwa nini? Kwa sababu hakuwa akiipima 6,000 na kilichobaki. Alikuwa akiipima na ile 75,000 iliyokwisha kupita. Machoni mwake 6,000 zilikuwa hasara, ingawa aliingia studio bila kitu. Watafiti waliona tabia hiyo kwa wengi: mtu akishaumizwa na masanduku, huzidi kujitosa ili arudi pale alipokuwa. Waliona pia upande wa pili, kwamba aliyebahatika sana naye huzidi kujitosa, akiziona pesa zile kama za bure. Wa kati na kati ndio waliokuwa waangalifu zaidi.

Nibadilishe sanduku au nisibadilishe?

Swali hili haliishi barzani. Yakibaki masanduku mawili, moja likiwa na milioni, mshiriki huweza kuruhusiwa kubadilisha. Wapo wanaoapa kwamba lazima abadilishe, kwa kuwa wamesikia fumbo la milango mitatu. Fumbo hilo limepewa jina la Monty Hall, mwendeshaji wa kipindi kingine cha Marekani, Let's Make a Deal, kilichoanza 1963. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwendeshaji, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mwingine wenye mbuzi, kisha anakuuliza kama utabadilisha. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant aliandika katika jarida la Parade kwamba ubadilishe, maana utapata gari mara 2 katika 3. Alipokea barua kama 10,000, nyingi zikimkosoa, baadhi kutoka kwa wenye shahada za udaktari. Yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Lakini siri ya fumbo lile ni kwamba mwendeshaji anajua, na kamwe hafungui mlango wenye gari. Kwenye masanduku, anayefungua ni mshiriki mwenyewe, naye hajui kitu. Chukulia watu 26 wamecheza, na kila mmoja milioni iko mahali tofauti. Watu 24 wataifungua njiani na kuipoteza. Watakaofika mwisho nayo ubaoni ni wawili: mmoja ameichagua tangu mwanzo, mwingine imo katika sanduku la pili. Nusu kwa nusu. Kubadilisha hakuongezi na hakupunguzi. Anayekwambia nafsi yake imemwonesha, mwulize nafsi hiyo ilipata wapi habari.

Kutoka studio hadi simuni

Mshiriki wa kipindi kile hata akishindwa vibaya, amepoteza alichokitamani, hakupoteza alichokuwa nacho. Huku kwetu mambo ni kinyume. Redio na runinga hutualika kutuma ujumbe wa kulipia ili jina liingie kwenye droo, na simu zimejaa michezo ya kubeti. Pesa inayoliwa hapo ni ya unga na ya karo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 100,000 wanatuma ujumbe wa shilingi 50 kila mmoja. Zimekusanywa shilingi milioni 5. Mshindi anapewa 500,000, anapigwa picha, anahojiwa, analia kwa furaha. Gawanya zawadi hiyo kwa waliotuma: kila ujumbe wa shilingi 50 ulikuwa na thamani ya shilingi 5. Sisi tunaoneshwa uso wa mmoja. Wale 99,999 hawaoneshwi, na wangeoneshwa kwa nukta moja moja tu, wangejaza kipindi cha zaidi ya saa 27.

Na aliyeliwa jana huambiwa na moyo wake kuwa leo zamu yake imekaribia. Droo ya leo haina kumbukumbu ya jana. Kijana aliyepoteza 2,000 asubuhi akaweka 3,000 jioni ili zirudi ndiye yule bwana wa Uholanzi, tofauti ni kwamba yeye alianza na pesa yake mwenyewe.

Hukumu ya kamari katika dini yetu inajulikana, na masheikh wapo wa kuieleza. Mimi nimebaki kwenye hesabu. Lakini kuna neno moja nalisikia sana ambalo halifai kuachwa hivi hivi: "Huenda rizki yangu imo humu." Rizki inatoka kwa Mola, kweli. Ila hakuna mja aliyefunuliwa imo sanduku gani, na kulitaja jina lake juu ya kitu tunachokibahatisha si tawakkul, ni kuipamba tamaa.

Mzazi mwenye kijana wa aina hii asianze na ukali. Akae naye, waichukue taarifa ya simu ya miezi mitatu, wajumlishe zilizotoka upande mmoja na zilizorudi upande wa pili. Kalamu na karatasi zinatosha. Wengi hawajawahi kuziona hesabu hizo mbili zikiwa zimepangwa pamoja.