Misalaba ya Vito (2): Nadhiri Zilipolegea, Almasi Zikaongezeka

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mashirika ya askari watawa yalivyozaliwa wakati wa Vita vya Msalaba. Leo tulitazame moja ambalo jina lake limechongwa hata kwenye pwani yetu: Shirika la Kristo la Ureno.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1319 kwa hati ya Papa Yohane wa 22. Shirika la askari watawa la Watemplari lilikuwa limevunjwa mwaka 1312, na Mfalme Dinis wa Ureno hakutaka mali yake itoke nchini mwake. Askari wa shirika jipya waliweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Alama yao ilikuwa msalaba mwekundu wenye msalaba mweupe ndani yake, ulioshonwa kwenye joho. Ulikuwa kitambaa tu. Aliyeapa ufukara avae almasi ya nini?

Nadhiri zikalegea. Mwaka 1496 Papa Aleksanda wa 6 aliwaruhusu kuoa. Mwaka 1551 uongozi wa shirika ukakabidhiwa wafalme moja kwa moja, na joho la utawa likawa bakshishi ya watumishi wa taji. Ushahidi upo Mombasa, juu ya lango la Fort Jesus. Maandishi ya mwaka 1639 yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitiisha pwani baada ya uasi wa Sultani Yusuf bin Hasan dhidi ya Wareno: aliziadhibu Pate na Siyu hata kuta zao zikabomolewa, akawaua wakuu wa Pemba. Kisha yanataja alivyotunukiwa, na humo Shirika la Kristo limepangwa pamoja na posho ya kila mwaka na ugavana.

Cheo kikishakuwa tunzo, mwenye nacho hutaka kionekane. Karne ya 18 almasi za Brazili, zilizochimbwa na Waafrika waliotiwa utumwani, zilimiminika Lisbon. Masonara walizishika kwa fedha, kwa kuwa weupe wake hautii jiwe umanjano kama dhahabu. Nyuma ya vito waliweka bati jembamba linalong'aa, mara nyingine limepakwa rangi ili wekundu wa msalaba ukolee, kisha wakaziba. Asiyemudu almasi alivaa topazi isiyo na rangi juu ya bati hilohilo. Kwenye mwanga wa mishumaa, ilihitaji jicho la sonara kuzitofautisha.

Mwaka 1789 Malkia Maria wa Kwanza aliligeuza shirika kuwa heshima ya kiserikali, akaagiza Moyo Mtakatifu wa Yesu uwekwe juu ya msalaba. Kwa hiyo nishani ya kale yenye moyo huo haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Sonara Ambrósio Gottlieb Pollet aliiunganisha misalaba ya mashirika matatu ya askari, Kristo, Avis na Santiago, katika nishani moja ya kifalme ya almasi, yakuti nyekundu na zumaridi. Leo imo katika hazina ya kasri la Ajuda, Lisbon.

Ajabu ni kwamba moyo wa ibada uliongezwa mwaka uleule utawa ulipofutwa. Msalaba wa kitambaa ulimdai mvaaji nadhiri. Ule wa almasi ulitangaza deni ambalo mfalme alikuwa amekwisha kumlipa.

Wiki ijayo: Malta na msalaba wa ncha nane.