Bei ya Wiketi: Nani Aingie Kupiga, na Lini?

Timu ya taifa ya India inapojiandaa kwa mechi za kriketi za siku moja, mashabiki na wachambuzi hubishana kuhusu mpangilio wa wapigaji kuliko karibu jambo lolote jingine: nani afungue, nani apewe namba 4, nani abakizwe kumalizia. Ubishi huo kwa kawaida huchukulia kwamba kila mchezaji ana namba yake, na kwamba kazi ya kocha ni kuitambua kisha kuiheshimu. Hapo ndipo swali linapokosewa. Kuanzia namba 4 kwenda chini, namba peke yake haimwambii kocha kitu mpaka ajue zimebaki ova ngapi na zimeanguka wiketi ngapi. Anayestahili kuingia ni yule ambaye, kwa hali ya mchezo wakati huo, ubora wake utaleta faida kubwa na udhaifu wake utaleta hasara ndogo.

Hesabu inayolinda hoja hii imekuwapo kwa miaka mingi. Katika mechi ya siku moja kila timu hupewa ova 50 zenye mipira 6 kila moja, yaani mipira 300, na ina wiketi 10 za kupoteza. Kimojawapo kikiisha, zamu ya kupiga imekwisha. Watakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, waliunganisha hazina hizo mbili katika jedwali moja ili kurekebisha shabaha pale mvua inapokatiza mchezo, na mbinu yao ilitumika kwa mara ya kwanza Januari 1997, Zimbabwe ilipocheza na Uingereza. Waamuzi walilihitaji jedwali hilo siku ya mvua, lakini kocha anaweza kujifunza kwalo hata jua likiwaka. Tuchukue toleo la 2002. Timu yenye ova 40 mkononi na iliyopoteza wiketi 2 imebakiwa na asilimia 77.8 ya uwezo wake wa kufunga. Ikipoteza ya tatu, inashuka hadi 69.6. Timu yenye ova 10 tu na iliyopoteza wiketi 2 ina asilimia 30.8, ikipoteza ya tatu, inabaki na 29.8. Wiketi ni ileile ya tatu, lakini mapema imegharimu asilimia 8.2 na mwishoni asilimia 1. Bei yake imetofautiana mara nane.

Tofauti hiyo ya bei inabadilisha thamani ya kila mpigaji. Kuna mchezaji wa nguvu, anayefunga haraka lakini hutolewa mara kwa mara, na kuna mvumilivu, anayekusanya mikimbio taratibu lakini ni vigumu kumng'oa. Ova zikiwa nyingi na wiketi zikiwa zinaanguka, kila kosa la mchezaji wa nguvu linalipiwa kwa bei ya juu, kwa hiyo zamu ni ya mvumilivu. Ova zikiwa chache na wiketi nyingi zimesalia, mvumilivu ndiye anayegeuka hasara, kwa kuwa anakula mipira adimu ili kulinda wiketi ambayo haina tena thamani kubwa. Wawili hao huwezi kuwapanga mmoja juu ya mwingine moja kwa moja. Wanapangika tu ukishautazama ubao wa matokeo.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 2019, iliyochezwa Julai 9 na 10 katika uwanja wa Old Trafford, Manchester, inaonyesha jambo hili waziwazi. New Zealand waliiwekea India shabaha ya mikimbio 240. Rohit Sharma, KL Rahul na Virat Kohli walitolewa kila mmoja akiwa na mkimbio 1, na ova 10 zilipokwisha Dinesh Karthik naye alikuwa ameshatoka, India wakiwa na 24 kwa wiketi 4. Kwa mujibu wa jedwali, timu iliyo katika hali hiyo ina asilimia 59.5 ya uwezo wake, na kuanguka kwa wiketi ya tano papo hapo kungeishusha hadi 47.6. Wiketi moja ilikuwa na bei ya karibu asilimia 12. Aliyeingia wakati huo hakuwa MS Dhoni, mzoefu kuliko wote, bali Hardik Pandya, mpigaji anayesifika kwa nguvu zake. Dhoni aliingia baadaye, wiketi ya tano ilipoanguka kwenye mikimbio 71. Yeye na Ravindra Jadeja waliongeza 116 pamoja, lakini India walimalizwa kwa 221, mikimbio 18 pungufu ya New Zealand.

Utetezi uliotolewa ni kwamba Dhoni alihifadhiwa kwa ajili ya mwisho, ambako ndiko alikojijengea jina. Mtu anaweza kuongeza kwamba Pandya hakuitupa wiketi yake ovyo: alifunga 32 kwa mipira 62. Ni kweli, lakini takwimu hiyo yenyewe inamhukumu aliyepanga. Mchezaji wa nguvu alilazimika kucheza mchezo wa mtu mwingine, na mwenye mchezo huo alikuwa amekaa pembeni akingoja. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Dhoni angeingia mapema India wangeshinda, kwani mechi moja haithibitishi kanuni. Ila uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana ulipofanywa, na kwenye ova ya 10 bei ya wiketi ilikuwa wazi.

Dhoni huyohuyo alikuwa ameshaonyesha njia nyingine miaka minane kabla. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya Aprili 2, 2011, uwanja wa Wankhede, Mumbai, India walikuwa wakiifukuzia Sri Lanka mikimbio 275. Kohli alipotoka wakiwa na 114 kwa wiketi 3, wengi walimtazamia Yuvraj Singh, aliyekuwa moto katika mashindano hayo. Nahodha Dhoni, ambaye hakuwa amefikisha hata mikimbio 50 katika mechi yoyote ya kombe lile, alijipandisha akaingia yeye. Sababu zilitoka uwanjani: Gautam Gambhir aliyekuwa akipiga anatumia mkono wa kushoto, sawa na Yuvraj, na mpigaji wa mkono wa kulia upande wa pili angewavuruga warushaji wa mpira wa kuzunguka, akiwamo Muttiah Muralitharan, ambaye Dhoni alimfahamu vizuri. Gambhir alifikisha 97, Dhoni akamaliza na 91 bila kutolewa.

Pingamizi la kwanza linahusu wafunguaji: je, nao wabadilishwe kila siku? La, na sababu yake inaimarisha hoja. Mwanzo wa zamu ndiyo hali pekee ambayo kocha anaijua kabla ya mchezo: ova 50, wiketi 10, mpira mpya, na wachezaji wawili tu wa wapinzani wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara linalowazunguka wapigaji katika ova 10 za mwanzo. Nafasi hiyo inaweza kukabidhiwa mtu na ikadumu. Machi 27, 1994, huko Auckland, Sachin Tendulkar wa India alifungua kwa sababu Navjot Sidhu alikuwa na maumivu ya shingo, akafunga 82 kwa mipira 49. Kati ya karne zake 49 (zamu za mikimbio 100 au zaidi) za mechi za siku moja, 45 alizipata akifungua. Sri Lanka walifanya hivyo kwa makusudi mwaka 1996, wakati kizuizi cha duara kilidumu ova 15, kwa kuwaweka mbele Sanath Jayasuriya na Romesh Kaluwitharana washambulie. Kenya ilionja ukali wa mpango huo mjini Kandy, Sri Lanka walipofikisha 398 kwa wiketi 5, rekodi ya wakati huo.

Pingamizi zito zaidi ni la maandalizi: binadamu hucheza vizuri akijua kazi yake. Hesabu peke yake hailioni tatizo hilo. Wachezaji 11 wanaweza kupangwa kwa njia 39,916,800, na mwaka 2006 mtakwimu Tim Swartz na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kompyuta kuusaka mpangilio bora wa timu ya India. Kimahesabu, kanuni bora inayofuata hali ya mchezo haiwezi kuwa duni kuliko orodha isiyobadilika, kwa kuwa orodha hiyo ni mojawapo tu ya kanuni zinazowezekana. Hesabu hiyo huharibika endapo kubadilisha zamu kunamvuruga mchezaji. Dawa ni kutaja kazi kwa ova na wiketi, na kuitaja mapema. Mwambie mvumilivu: wiketi ya tatu ikianguka kabla ya ova ya 25, ni wewe. Mwambie wa nguvu: wiketi ikianguka baada ya ova ya 35, ni wewe, hata kama ni ya pili. Wote wawili watalala wakiijua kazi yao, tena kwa usahihi kuliko namba inavyoweza kuieleza, na watafanya mazoezi ya hali watakayoikuta. Nidhamu ya namna hiyo haihitaji kipaji kipya wala fedha zaidi. Inahitaji kocha aliye tayari kumweka nyota akingoja, au kumwita mapema, kwa sababu bei ya wiketi imemwambia hivyo.