Kumtuza chipukizi bila ya kumtunza ni kazi bure

Majuzi, katika darasa la tafsiri hapa Eldoret, niliwapa wanafunzi wangu zoezi ambalo nililidhania kuwa jepesi. Niliwataka wanipatie jina la Kiswahili la tuzo ambayo jarida la Filmfare la India humpa mwigizaji wa kike anayejitokeza kwa mara ya kwanza katika filamu za Kihindi. Majibu yalikuwa mengi. Mmoja alisema Tuzo ya Sura Mpya, mwingine Tuzo ya Mgeni Bora, na wa tatu Tuzo ya Mwigizaji Chipukizi. Hili la mwisho liliwapendeza wengi, hata nikawa tayari kuliandika ubaoni, ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, “Mwalimu, huyo chipukizi akishatuzwa, hutunzwa na nani?”

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pia. Hata hivyo, swali lile halijaniondoka, kwa sababu msichana huyo, pengine bila ya kukusudia, alikuwa amegusa kiini cha jambo lenyewe.

Katika Kiswahili, kitenzi kutunza kina maana mbili. Maana ya kwanza ni kulea au kuhifadhi kitu kwa uangalifu. Maana ya pili ni kumpa zawadi mtu aliyefanya jambo la kupendeza, kama wafanyavyo watu wa pwani wanapomwendea mwimbaji wa taarabu na kumtunza fedha mbele ya hadhira. Kutuza na tuzo ni ndugu wa kitenzi hichohicho. Wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, waliziweka maana zote mbili katika neno moja: anayecheza kwao hupewa zawadi, na tena hulelewa. Swali ninalotaka kulijadili leo ni iwapo tuzo za waigizaji wanaoanza, huko India na hapa kwetu, zinazibeba maana zote mbili au zimebakiwa na moja tu.

Tuanze na India. Filmfare ilianza kutoa tuzo zake mwaka 1954, lakini tuzo ya waigizaji wa kike wanaoanza ilichelewa sana. Aliyeipokea mwanzo ni Juhi Chawla, kwa filamu ya Qayamat Se Qayamat Tak ya mwaka 1988. Katika miaka hiyo ya mwanzo tuzo ilibeba jina la sabuni ya Lux na iliitwa, kwa tafsiri yetu, Sura Mpya ya Mwaka. Msomaji asilipuuze jina hilo. Haikutajwa sauti wala ustadi, ila sura. Na mwenye kuitaja alikuwa mwuza sabuni ya kuogea. Mwanafunzi wangu aliyependekeza Tuzo ya Sura Mpya alikuwa ameirejesha historia bila ya kujua.

Sasa tuwatazame waliotuzwa. Kwa filamu hiyohiyo ya mwaka 1988, tuzo ya mwigizaji wa kiume anayeanza ilikwenda kwa Aamir Khan. Kwa filamu ya Maine Pyar Kiya ya mwaka 1989, walituzwa Salman Khan na Bhagyashree. Kwa filamu ya Deewana ya mwaka 1992, walituzwa Shah Rukh Khan na Divya Bharti. Hizo ni jozi tatu za mwanamume na mwanamke, kila jozi ikianzia mlango mmoja. Wanaume wote watatu walikuja kuwa nguzo za sinema ya Kihindi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2023 Shah Rukh Khan, akikaribia umri wa miaka sitini, alikuwa bado akiongoza filamu mbili kubwa, Pathaan na Jawan. Kwa upande wa wanawake, Juhi Chawla alifanikiwa na kutwaa tuzo ya mwigizaji bora kwa filamu ya mwaka 1993. Bhagyashree aliolewa, na filamu zake zilizofuata hazikuwa nyingi. Divya Bharti alifariki dunia mwezi wa Aprili 1993 akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Sidai kwamba tuzo ndiyo iliyosababisha tofauti hizo. Kifo hakina hodi, na ndoa ni hiari ya mtu. Ninalosema ni kwamba desturi ya kumtafuta msichana mpya kila mwaka inaweza kumfanya yule wa mwaka jana aonekane mkongwe kabla ya wakati wake. Sura mpya haibaki mpya. Atuzwaye kwa upya wake amepewa zawadi ya kitu ambacho kesho hatakuwa nacho.

Kwa sisi wanaisimu, kuna jambo jingine la kushangaza katika tuzo hii, nalo ni lugha. Huko India, mwanzo wa mwigizaji huhesabiwa kwa lugha. Asin alituzwa kama mwigizaji anayeanza kwa filamu ya Ghajini ya mwaka 2008. Lakini Asin alikuwa akiigiza tangu mwaka 2001, kwanza katika Kimalayalam, kisha katika Kitelugu na Kitamil. Na mwaka 2005 alikuwa tayari amecheza uhusika uleule katika Ghajini ya Kitamil! Ileana D'Cruz naye alituzwa hivyo kwa filamu ya Barfi! ya mwaka 2012, ilhali alikuwa ameanza katika Kitelugu mwaka 2006. Mtu aliyekomaa katika lugha moja huvuka mpaka na kuitwa mchanga katika lugha nyingine. Anayehesabu hivyo anatuambia, bila ya kutamka, ni lugha ipi anayoiona kuwa jukwaa lenyewe na zipi anaziona kuwa ua wa nyuma.

Kisha kuna suala la sauti. Deepika Padukone alipata tuzo hiyo kwa filamu ya Om Shanti Om ya mwaka 2007. Watazamaji wengi wa hapa Kenya walioipenda filamu ile hawajui kwamba sauti waliyoisikia haikuwa yake. Maneno yake yalisemwa na Mona Ghosh Shetty, msanii wa kutia sauti, kama ilivyokuwa kawaida kwa waigizaji ambao matamshi yao ya Kihindi yalitiliwa shaka. Tuzo ikaenda kwa uso, na sauti ikabaki nyuma ya pazia. Yafaa kusema haki: Deepika hakuridhika na mwanzo huo. Alijifunza, akaigiza kwa sauti yake mwenyewe, na baadaye akatwaa tuzo ya mwigizaji bora kwa filamu ya mwaka 2013 na tena kwa filamu ya Piku ya mwaka 2015. Vivyo hivyo Tabu, aliyetuzwa kama anayeanza kwa Vijaypath ya mwaka 1994, alikuja kupata tuzo ya taifa kwa Maachis na tena kwa Chandni Bar. Kwa hiyo atakayesema kwamba tuzo ya mwanzo hufungua mlango, hatakuwa amekosea. Mlango hufunguka kweli; lakini mlango si nyumba.

Turudi nyumbani. Tarehe 2 Machi 2014, Lupita Nyong'o alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave, iliyokuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Tuliimba na kushangilia, na baadhi yetu tukasema kwamba ameamka tu akashinda. Si kweli. Tuzo ile haikuwa ya wanaoanza. Alishindana na waigizaji wakongwe akawashinda. Na nyuma yake palikuwa na malezi ya miaka mingi. Akiwa na umri wa miaka 14 alicheza Juliet jijini Nairobi pamoja na kundi la Phoenix Players, na mwaka 2012 alihitimu katika shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale. Tulichokiita mwanzo kilikuwa ni mavuno.

Mfano wa pili unauma zaidi. Samantha Mugatsia alikuwa mpiga ngoma kabla ya kuigiza kwa mara ya kwanza katika filamu ya Rafiki. Mwaka 2019, katika tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, alitangazwa kuwa mwigizaji bora wa kike. Hapa kwetu filamu hiyo ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 2018, na Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Sitaki kuingia katika mjadala wa maudhui yake, kwani huo ni mjadala mrefu na watu wema wanatofautiana. Ninachotaka tukione ni kwamba mcheza kwao alitunzwa ugenini.

Nao wasichana wa shule zetu je? Kila mwaka tamasha la kitaifa la drama huwakusanya vijana kutoka kila pembe ya nchi. Msichana wa darasa la kumi hupanda jukwaani kwa mara ya kwanza, hushinda, hupewa cheti na kikombe. Kikombe huwekwa katika kabati la mwalimu mkuu. Msichana hurudi kwenye hesabu na kemia, na anapomaliza shule hakuna anayemuuliza tena kama anaikumbuka sauti ile. Hapa Eldoret, mji wa wanariadha, tunajua vizuri kwamba msichana anayeshinda mbio za kwanza huhitaji mkufunzi, viatu na mbio za pili. Hakuna anayemsifu kwa upya wa uso wake. Saa ndiyo inayomsemea. Kwa nini basi mwigizaji aachwe?

Wala wasichana wenyewe si vinyago. Mwezi wa Aprili 2025, mjini Nakuru, wanafunzi wa Butere Girls, waliokuwa wameruhusiwa na Mahakama Kuu kushiriki kwa mchezo wao wa Echoes of War, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila ya kuigiza. Hawakupata kikombe. Lakini nchi nzima ilielewa kwamba hawakuwa tayari kuonekana bila ya kusikika.

Mtaala wetu mpya umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule ya upili. Hii ni nafasi ya walimu. Kwanza, waamuzi wanapomtuza mwanafunzi, waandike kwa Kiswahili au Kiingereza fasaha alichokifanya: jinsi alivyotumia sauti, kimya na mwendo, ili tuzo imfunze. Pili, shule inayompata mwigizaji mzuri imwandikie uhusika wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Tatu, walioshinda zamani waalikwe kuwafundisha wanaoanza. Na nne, tuwape wasichana hawa michezo ya Kiswahili yenye uzito, ili wasije wakahesabiwa wageni katika lugha yao wenyewe.

Niliporudi darasani wiki iliyofuata, niliandika ubaoni jina ambalo wanafunzi walilichagua: Tuzo ya Mwigizaji Chipukizi. Nilimwambia yule msichana wa nyuma kwamba nimelikubali kwa sharti lake. Chipukizi si ua la kuwekwa mezani likanyauka. Ni mmea, na aliyeusifu leo ana deni la kuumwagilia maji kesho.