Ua refu la kufichia choo

Nyie mnaopelekeana waridi kila Valentine, leo nawaletea ua ambalo hupandi nalo daladala. Linaitwa holihoki, kitaalamu Alcea rosea, na likishiba linapita mita mbili. Hata wale jamaa wa kikapu wanalitazama kwa kuinua shingo!

Lakini kilichonimaliza mimi si urefu. Enzi zile vyoo vya Marekani viko uani kama vyetu vya uswahilini, watu walipanda holihoki kukizunguka kibanda ili kisitirike. Inasimuliwa kwamba mgeni wa kike alikuwa haulizi choo kiko wapi. Anatupa jicho uani, akiona maua marefu yamejipanga, anajua pa kuelekea. Ustaarabu huo, bwana! Sisi tunaning'iniza gunia mlangoni, basi.

Wala halina makuu. Kwenye kisiwa cha Île de Ré, Ufaransa, linaota kwenye ufa kati ya ukuta na njia, vichochoro vikapendeza bila mtu kuwa na bustani. Rangi zipo za kumwaga: nyeupe, pinki, manjano, hadi zambarau iliyokaribia weusi. Yanaanza kuchanua ya chini, halafu yanapanda juu ya bua taratibu.

Adui yake ni kutu. Si ile ya bati. Hii ni kuvu inayotoa vipele vya rangi ya machungwa chini ya jani mpaka linakauka. Ilitokea Chile, ikaingia Uingereza 1873 na kufyeka holihoki kibao. Mpaka leo dawa ya kwanza ni kuyang'oa majani yaliyougua na kutomwagia maji juu ya majani.

Sasa tatizo letu wapangaji. Mwaka wa kwanza holihoki hutoa majani tu, maua mpaka mwaka wa pili. Wewe kodi ya miezi sita umeilipa kwa mbinde, baba mwenye nyumba keshaanza kununa, utaliona saa ngapi likichanua? Tena lenyewe linapenda ubaridi, joto la Dar haliliwezi.

Mimi nawashauri ndugu yake wa ukoo mmoja: bamia. Panda hata kwenye ndoo mbovu. Ndani ya miezi miwili hivi linatoa ua la manjano lenye moyo mwekundu wa giza, limefanana na holihoki kabisa, na ukimaliza kulitazama unapata mboga.