Samaki Asiyetuliwa na Nzi: Kweli au Uzushi?

Ngara haigusi Ziwa Victoria. Biharamulo nayo, tangu Chato ikatwe ikawa wilaya yake, imepoteza sehemu kubwa ya ufuko. Kwa hiyo samaki akifika sokoni huku amekwisha kusafiri, na njiani ameokota hadithi. Bila shaka nyingi umeshazisikia.

"Samaki asiyetuliwa na nzi amepakwa dawa ya maiti." Hapana, huo si ushahidi. Nzi anatafuta harufu, unyevu na mahali pa kutagia mayai. Kayabo aliyekolea chumvi hampi hayo, wala sangara aliyebanikwa kwa moshi, wala sato aliyetoka kwenye barafu sasa hivi. Formalini ni sumu kweli, na anayeitia kwenye chakula anastahili pingu, lakini huwezi kuitambua kwa kuhesabu nzi. Tena nzi wakijaa juu ya samaki, ndipo mtu anafurahi kwamba yuko salama! Nzi hao hao wanatoka chooni na vijidudu vya kuhara miguuni.

Wazee walikuwa na kipimo kizuri zaidi, nacho ni kweli tupu: fungua matamvua. Yakiwa mekundu, toa hela. Yakiwa ya kahawia na yanateleza, endelea na safari. Kisha bonyeza mnofu. Shimo la kidole lisiporudi, huyo amechelewa. Macho nayo hutazamwa, ila samaki wa barafu usimhukumu kwa macho peke yake, kwa kuwa barafu huyatia ukungu hata kama nyama bado ni nzima.

"Sangara ni mgeni, sato ndiye wetu." Nusu kweli. Wanaosema sangara hakuwapo zamani wako sahihi kabisa: alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akashamiri miaka ya 1980, na furu wakapukutika, aina kwa aina. Lakini huyu sato tunayemgombea naye aliletwa, katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Mwenyeji halisi ni ngege, ambaye leo ziwani ni nadra sana na amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembezoni. Kwa hiyo mnunue sato kwa utamu wake, uzalendo uuache nyumbani.

"Dagaa ni watoto wa samaki wakubwa." Uongo. Mpasue dagaa mmoja aliyekomaa, mwenye urefu wa sentimita tano hivi, na huenda ukakuta mayai. Mtoto hana mayai. Na pale Nyakanazi, barabara ya Kigoma inapoungana na ile ya kwenda Rusumo, kumbuka pia kwamba dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma si ndugu. Wa Mwanza ukoo wake uko karibu na ningu. Wa Kigoma ana udugu na dagaa papa wa pwani. Wote wawili huliwa na mifupa yao, na hapo ndipo madini ya chokaa yalipo. Mchanga unaousikia menoni ni kweli upo: wengi bado huanikwa chini.

"Kamongo si samaki, ana mapafu." Uongo, ingawa mapafu anayo. Ukimzuia kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji. Hata hivyo ni samaki, tena wa ukoo wa kale mno. Desturi ya wanawake wa Buganda kutomla ni jambo la mila, na mila ina heshima yake. Haihusiani na usalama wa nyama.

"Jamii ya kamba iko baharini tu." Uongo. Victoria ina uduvi wake, wadogo sana, na sangara huwala kwa wingi.

"Ndimu huondoa shombo." Kweli. Asidi yake hukamata kemikali zinazotoa harufu hiyo, na hata ile harufu ya matope ya kambare hupungua ukimlaza kwenye limau au siki. Lakini samaki aliyeanza kuoza usimpe ndimu. Itaficha harufu tu, na baadhi ya sumu zinazotengenezwa na bakteria hazivunjwi hata na mafuta yanayochemka.