Mmoja Ana Digrii, Mwenzake Kaishia Kidato cha Pili

Wakati wa uchumba hakuna anayeulizana vyeti. Mnatoka, mnacheka, simu haziishi. Ngoja muingie ndani ya nyumba, bili zianze kugonga hodi, halafu siku moja mmepishana kidogo tu, mtu anakurushia: "Ndiyo maana hukusoma!" Neno likishatoka, kulirudisha ni kazi.

Binafsi neno hilo linanikera, maana limegusa kwetu. Mimi nina digrii. Dada yangu mkubwa aliishia kidato cha pili. Ukituona utadhani mimi ndiye mwenye akili, kumbe darasani alikuwa moto kuliko sisi wote. Mama alipougua, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibidi mtu asimamie genge la mboga. Mimi nilikuwa mdogo, na kaka zetu eti wanaume hawauzi mchicha. Dada akatolewa shule. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye nyanya na vitunguu vyake.

Mazingira yana mkono wake

Tuwe wakweli, wengi tulipangiwa kabla hatujajua kuchagua. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka yote, akiingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kila somo. Mwenzake wa "inglishi midiamu" alishazoea zamani, na mtihani ni ule ule. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa Januari 2016. Aliyeikosa 2005 hakuwa mzembe. Na msichana aliyepata mimba shuleni, ilikuwa mpaka Novemba 2021 ndipo Serikali ikatangaza kwamba anaweza kurudi darasani akishajifungua.

Lakini uchaguzi nao upo

Mdogo wake shemeji alilipiwa kila kitu, mwaka wa pili akaacha chuo kwa hiari yake na kuingia kwenye biashara ya vipuri vya magari. Huyo hakunyimwa, alichagua, na mambo yake safi. Kwa hiyo kabla hujamhukumu mtu, jiulize: aliamua, au aliamuliwa?

Dada naye, akiwa na miaka 36 na watoto watatu, alimwambia mumewe, ambaye ni injinia, kwamba anataka kurudi shule. Ukweni wakaguna: "Mama mzima, shule anatafuta nini?" Shemeji hakujibizana nao. Alilipia masomo, jioni na Jumamosi akabaki na watoto. Haikuwa asali tupu. Waligombana kuhusu hela, waligombana kuhusu usingizi. Lakini dada alifaulu Mtihani wa Maarifa, ile QT inayomwezesha mtu ambaye hakumaliza sekondari kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa anajiandaa na mtihani huo.

Mfanyeje nyie wawili?

Wewe uliyesoma zaidi, usimsahihishe mwenzako Kiingereza mbele za watu. Usitumie digrii kumalizia ugomvi. Akikwambia anataka kusoma, kaeni chini mpange mambo matatu: hela, muda na nani atabaki na watoto. "Nakusapoti mpenzi" bila ratiba ni maneno matupu.

Wewe uliyesoma kidogo, sema wazi unachotaka. Kama umeridhika na ulipo, sema pia. Usisukumwe darasani ili mwenzako apate cha kujivunia kwa marafiki. Kama unataka, njia zipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo tangu 1975, vyuo vya VETA vinafundisha ufundi, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kinakuruhusu usome huku unaendelea na kazi.

Utotoni tuliamuliwa na wazazi, mfuko wao na mila zao. Ukubwani, mtu wa karibu kabisa anayeweza kumfungulia mwenzi wako mlango, au kuukomea kabisa, ni wewe. Muulize leo, bila kejeli: ungeachiwa uchague mwenyewe, ungependa kusoma nini? Halafu nyamaza, umsikilize.