Je, Wajua? Hewa ya Kivu Si Hewa ya Tanganyika

Je, wajua kwamba lita moja ya esansi haiungui sawasawa mpaka ipate karibu kilo 11 za hewa? Kwa uzito, kila gramu 1 ya esansi inataka gramu 14.7 za hewa. Ukiikusanya hewa hiyo pale Mombasa, kando ya bahari, itajaza zaidi ya mapipa 45 ya lita 200. Ukiikusanya Bukavu itataka mapipa zaidi ya 50, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi.

Sisi wa Luvungi tunaishi katikati ya hesabu hiyo. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Mto Ruzizi unayaunganisha kwa kilomita 117, lakini kwenye makorongo ya juu hakuna boti inayopita. Maji yanaporomoka, na mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II yamejengwa hukohuko. Kwa hiyo moteri ya boti inayotoka Uvira, kwenye Tanganyika, kwenda Bukavu, kwenye Kivu, hupanda gari. Inapita Sange, inapita hapa Luvungi, inafika Kamanyola, kisha inaanza kuparamia miteremko ya Ngomo kuelekea Nyangezi. Inaposhushwa kwenye gati la Bukavu, shinikizo la hewa limepungua kwa kama asilimia 8 kuliko lile iliyoliacha Uvira, na hakuna aliyegusa hata skrubu moja.

Je, wajua kwamba moteri ya farasi 40 ikifika Kivu hubaki na nguvu za farasi 34 au 35 tu? Farasi hao 40 hupimwa karibu na usawa wa bahari. Hakuna fundi awezaye kuwarudisha wote waliopotea, maana hewa yenyewe haipo. Anachoweza ni kuhakikisha moteri haimezi esansi isiyo na hewa ya kuichoma, na kuifungia pangaboi, ile helisi, yenye mkunjo mdogo zaidi ili ifikie mizunguko yake.

Dalili za esansi kuzidi hewa unazijua hata kama hujawahi kushika spana. Moshi mweusi. Moteri inakohoa ukifungua gesi yote. Ukichomoa buji unakuta masizi makavu kama ya chungu. Buji nzuri ina rangi ya kahawia iliyopauka. Iliyo nyeupe kama chokaa inakwambia hewa imezidi na joto limepita kiasi. Ila uisome buji kwa utaratibu: piga mbio kwa gesi kamili, zima moteri ghafla, ndipo uichomoe. Ukiiacha ingurume polepole mpaka gatini, rangi utakayoiona ni ya ralanti, wala haitakwambia lolote kuhusu mwendo wa kasi.

Na hapo ndipo wengi hukosea. Ile skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta hutengeneza ralanti na mwendo wa chini tu. Kwenye gesi kamili anayetawala ni jikleri kubwa, kipande cha shaba chenye tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, na namba imechongwa juu yake. Namba kubwa, esansi nyingi. Kupanda Kivu kunataka namba ndogo kidogo. Kulipanua tundu hilo kwa waya ni kuliharibu, kwa sababu kuanzia hapo namba yake haisemi kweli tena.

Je, wajua kwamba mafuta ya kuchanganya nayo hubadilisha kipimo? Moteri nyingi za mipigo miwili zinataka sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esansi, yaani mililita 400 kwenye bidoni la lita 20. Ukimimina mafuta zaidi ukidhani unailinda moteri, tundu la jikleri haliongezeki. Litapitisha ujazo uleule, lakini ndani yake esansi imepungua. Hewa inazidi, moteri inapata joto. Umeongeza mafuta na umeongeza joto kwa mkono mmoja.

Vilevile, ile esansi ya chupa ya kando ya barabara ikichanganywa na mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Ukisikia sauti kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo, punguza gesi palepale.

Boti za mbio si jambo la jana kwenye maziwa haya. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili kutoka kwao, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na injini mbili za esansi za farasi 100 na mwendo wa noti 19, karibu kilomita 35 kwa saa. Zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume huko Katanga, zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani, kwenye Tanganyika. Mafundi wa boti hizo mbili walikabidhiwa injini zilizojaribiwa kwenye hewa ya Mto Thames na kuambiwa ziende kasi kwenye ziwa lililo mita 773 juu.

 

Chini kabisa ya Kivu mna gesi ya methani, na tangu mwaka 2016 kituo cha KivuWatt, upande wa Rwanda, kinaichoma kwenye injini za kuzalisha umeme. Methani ina kipimo chake: gramu 17 za hewa kwa gramu 1 ya gesi.

Je, wajua kwamba moteri ya mipigo miwili yenye kabureta humwaga karibu robo ya esansi yake bila kuichoma? Hutoka na moshi, ikaingia majini. Rangi za upinde wa mvua unazoziona nyuma ya boti ni esansi uliyoilipia, na maji hayohayo ndiyo wanayochota akina mama asubuhi. Moteri za kisasa za mipigo minne, zenye sindano za esansi zinazopima hewa zenyewe, haziachi utando huo, na haziulizi kama ziko Uvira au Bukavu. Bei yake ndiyo inayowazuia wengi wetu.

La mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi. Kupanda Kivu na jikleri ya Tanganyika ni hasara ya fedha: moshi, masizi, bidoni kuisha mapema. Kushuka ndiko kunakoua moteri. Iliyobanwa esansi mpaka ukingoni huko Bukavu, ikifika Uvira inakuta hewa nzito na joto la bondeni. Hewa inazidi esansi. Na kwa kuwa mafuta ya kulainisha husafiri ndani ya esansi hiyohiyo, esansi ikipungua na mafuta yamepungua. Pistoni inaweza kutoboka juu, katikati ya ziwa, usiku, watu wakiwa ndani.

Basi fundi wa Uvira, ukiletewa moteri iliyoshuka kutoka Kivu, usianze kwa kuvuta kamba. Fungua kabureta kwanza, usome namba ya jikleri.